Buibui wa ardhini na spishi mpya nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na wanafunzi wa vyuo, walimu wa sekondari, askari wa hifadhi na wakulima waliookota buibui chini ya jiwe wakataka kujua kama sayansi inamfahamu. Nimejibu kwa urefu pale ambapo watu hukwama, na kwa ufupi pale ambapo jibu lenyewe ni fupi. Ninaowazungumzia ni buibui wa familia ya Gnaphosidae, lakini hatua nyingi zinafaa kwa buibui wa familia nyingine pia.

Buibui wa ardhini ni yupi hasa?

Ni mwindaji asiyetega utando, na mara nyingi huwinda usiku. Mchana hujilaza ndani ya kifuko cha hariri alichojifumia chini ya jiwe, nyuma ya gome la mti au kwenye majani makavu. Giza likiingia hutoka kutafuta chakula kwa mbio. Wengi ni weusi, kahawia au kijivu. Wadogo wana milimita mbili au tatu tu, wakubwa hupita sentimita moja. Macho ni manane, safu mbili za manne manne.

Ninapomweka chini ya hadubini huanza na alama mbili. Ya kwanza ni macho mawili ya katikati katika safu ya nyuma: kwa wengi wao si ya duara, ni ya umbo la yai au yamelala kiupande. Ya pili ni mirija ya kutolea uzi iliyo mwishoni mwa tumbo. Ile miwili ya mbele ni minene, imenyooka, na imeachana kiasi cha kuonekana wazi hata kwa lenzi ya mkononi.

Mirija hiyo ina kazi ya ajabu. Mwaka 2017 Jonas Wolff na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi buibui hawa wanavyowinda. Uzi wa gundi ambao buibui wengine huutumia kunatisha nyuzi zao ukutani, hawa huutoa mnene na mwingi, wakambandika nao windo huku wakilizunguka kwa kasi. Miguu ya windo hunaswa na kufungwa kabla halijapata nafasi ya kuuma. Kwa njia hiyo buibui wa ardhini humshinda hata buibui mwenzake aliye hatari.

Ana madhara kwa watu?

Hapana, si buibui wa kuhofiwa kiafya. Ukimbana anaweza kuuma, kama mdudu yeyote anavyojitetea. Hakuna sababu ya kumuua kwa kumkuta ndani ya nyumba.

Mnaposema "spishi mpya" mna maana gani?

Mpya kwa sayansi, basi. Buibui mwenyewe ameishi hapo vizazi na vizazi, na huenda wachungaji wa Karamoja wamekuwa wakimwona wanapogeuza mawe. Spishi huwa "mpya" siku inapochapishwa ikiwa na jina, maelezo, na kielelezo kilichohifadhiwa ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukitazama.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ugunduzi haufanyiki siku ya kumwokota. Siku hiyo una buibui ndani ya chupa tu. Ugunduzi hufanyika mezani, unapomlinganisha na kila ndugu yake aliyekwisha kuelezwa na kuona kwamba hafanani na yeyote.

Wala si lazima awe amejificha mwituni. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna buibui mdogo mrukaji anayekaa hadi kwenye kuta za nyumba na kupenda mbu waliokwisha kunyonya damu. Jina lake la kisayansi, Evarcha culicivora, alilipata mwaka 2003. Watu walikuwa wakiishi naye chumba kimoja siku zote hizo.

Kwa nini Uganda bado ina buibui wasio na majina?

Kwa sababu ardhi yetu imechunguzwa kidogo sana. Katalogi ya Dunia ya Buibui, inayotunzwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya Bern nchini Uswisi, ilifikisha spishi 50,000 mwezi Aprili 2022, na idadi inapanda kila mwaka. Gnaphosidae peke yake ina zaidi ya spishi 2,400. Ni miongoni mwa familia kubwa kabisa za buibui, na hata hivyo mtu akiniuliza orodha kamili ya wale wa Uganda sina cha kumpa.

Historia nayo imechangia. Buibui wengi wa Afrika Mashariki walielezwa mara ya kwanza kutokana na misafara ya Wazungu, kama ule wa Kilimanjaro na Meru ambao buibui wake walichapishwa na Albert Tullgren mwaka 1910. Vielelezo vilikwenda Ulaya. Makusanyo makubwa ya buibui wa Afrika hadi leo yako Tervuren, Ubelgiji. Mwanafunzi wa Makerere akitaka kuona kwa macho yake kielelezo cha buibui aliyeokotwa karibu na kwao, mara nyingi atalazimika kuandika barua ng'ambo.

Kuna sababu ya tatu ambayo naiona ni kosa letu wenyewe watafiti: sote tunakimbilia msituni. Bwindi, Kibale, Budongo na Mabira zinastahili kuchunguzwa, sikatai. Lakini buibui wa ardhini hupenda zaidi sehemu kavu, zenye mawe, nyasi fupi na jua kali. Kama ningepewa gari na mafuta ya kwenda sehemu moja tu, ningekwenda Kidepo na nyanda za Karamoja, niwaache sokwe wa Kibale kwa wenye kuwachunguza.

Nimeokota buibui ambaye sijawahi kumwona. Ni mpya?

Pengine. Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu la haraka haliwezekani, hata mbele ya mtaalamu.

Rangi haisaidii sana. Ndani ya jenasi moja (kundi la spishi ndugu) kama Zelotes unaweza kupanga spishi kumi mezani, zote nyeusi, zote za ukubwa mmoja, na usione tofauti yoyote kwa macho. Zaidi ya hapo, spishi moja hubadilika rangi kadiri inavyokua, na ikikaa ndani ya alkoholi kwa miaka hufifia.

Umri ni kikwazo cha pili. Buibui ambaye hajakomaa hatambuliki hadi ngazi ya spishi, kwa kuwa viungo vinavyotofautisha havijakamilika. Ukiniletea mtoto, hata awe mzuri namna gani, nitakwambia familia, na labda jenasi, kisha nitaishia hapo.

Ili kujua kama ni dume lililokomaa, tazama vile viungo viwili vidogo vinavyofanana na miguu mifupi, kando ya mdomo. Hizo ni pedipalpi. Jike lina pedipalpi nyembamba hadi mwisho. Dume lililokomaa lina zilizovimba nchani, utadhani limevaa glavu za ngumi. Jike lililokomaa nalo lina bamba gumu, lenye rangi nzito, chini ya tumbo karibu na kiuno. Bamba hilo huitwa epijini. Ukiona kimojawapo kati ya hivyo viwili, hapo kazi inaweza kuanza.

Kwa nini mnaangalia viungo vya uzazi na si rangi au mistari ya mwilini?

Kwa sababu viungo hivyo hutofautiana baina ya spishi na spishi, ilhali ndani ya spishi moja havibadiliki sana.

Dume la buibui hutoa mbegu chini ya tumbo, kwenye kitambaa kidogo cha utando alichokifuma kwa kazi hiyo. Kisha huzifyonza kwa ncha za pedipalpi, na ndizo anazozitumia kumpandia jike. Ukiikuza pedipalpi moja utaona sindano iliyojikunja inayoitwa emboli, ndoano ya katikati, na mwiba uliotokeza ubavuni mwa pingili ya chini yake. Urefu wa ile sindano, inaanzia wapi, imepinda kuelekea upande gani, ule mwiba una ncha moja au mbili: hayo ndiyo maneno ya utambulisho wetu.

Kwa jike inabidi ukate kipande chenye epijini kwa sindano nyembamba, ukiloweke ili tishu laini ziyeyuke au ziwe angavu, ndipo mifuko ya kuhifadhia mbegu na njia zake zionekane kwa ndani. Wengine hutumia potasiamu haidroksaidi, wengine asidi laktiki. Mafuta ya karafuu hufanya kazi hiyo vizuri pia, yale yale yanayotoka Unguja na Pemba, na hadubini yako inabaki ikinukia wiki nzima.

Wapo wataalamu walioona viungo hivi kama kufuli na ufunguo, kwamba dume la spishi nyingine halifungui. Suala hilo bado linabishaniwa. Ukweli usiobishaniwa ni kwamba kwa utambulisho alama hizi zinategemeka kuliko rangi.

Rangi na miguu hazitupwi, hata hivyo. Zelotes na ndugu zake wa karibu, kwa mfano, wana kitana kidogo cha nywele ngumu mwishoni mwa pingili ya pili kutoka nchani, katika miguu ya jozi ya tatu na ya nne. Hukitumia kujisafishia. Ukikiona, umepunguza safari ndefu ya kutafuta jenasi.

Wanakusanywaje?

Njia kuu ni mtego wa shimo. Unazika kikombe cha plastiki mpaka mdomo wake ulingane kabisa na udongo. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukingo ukibaki juu hata kidogo, buibui akifika huugusa, huuzunguka, akaendelea na safari yake. Baada ya kuzika, sawazisha udongo kwa vidole kuzunguka ukingo, halafu rudisha majani machache kama yalivyokuwa. Ndani weka propilini glaikoli. Ikikosekana, maji ya chumvi yenye tone la sabuni. Sabuni huondoa ule mkazo wa uso wa maji, kwa hiyo buibui huzama badala ya kuelea na kutoka. Juu weka paa dogo la bamba au gome lililoinuliwa na vijiti, maana mvua moja ya Aprili inatosha kukijaza kikombe na kumwaga kila kitu.

Mitego peke yake huleta madume mengi kuliko majike, kwa kuwa madume ndiyo yanayotembea kutafuta wenzi. Majike hufuatwa yaliko: chini ya mawe, ndani ya vifuko, mara nyingi yakilinda mayai. Geuza jiwe ukilivuta kuelekea kwako, ili jiwe lenyewe likukinge na kilichoko chini yake, kwani nge na nyoka nao hukaa humo. Ukimaliza lirudishe lilivyokuwa. Jiwe lililoachwa limegeuzwa ni nyumba iliyobomolewa, na mtu mmoja asiye na subira anaweza kuharibu kilima kizima asubuhi moja.

Kumshika tumia burashi ndogo iliyoloweshwa alkoholi. Kibanio cha chuma huvunja miguu.

Na baada ya kumkamata?

Alkoholi ya asilimia 70 hadi 80 inatosha kwa kazi ya umbo. Ukitaka vinasaba, mguu mmoja au buibui mzima awekwe kwenye alkoholi ya asilimia 95 na kuendelea, na akae pa baridi.

Kisha lebo. Buibui bila lebo ni takataka ya maabara, hata awe wa kwanza duniani kuonekana. Niliwahi kufungua sanduku la chupa zilizokuwa na Gnaphosidae wazuri mno, na ndani yake palikuwa na kijikaratasi cheupe kisicho na neno hata moja. Mkusanyaji alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino wa kawaida, na alkoholi ikaufuta wote. Andika kwa penseli au kwa wino usioyeyuka, na karatasi iingie ndani ya chupa. Lebo iliyobandikwa nje hubanduka.

Lebo nzuri husomeka hivi: UGANDA, Wilaya ya Kabarole, Hifadhi ya Kibale, Kanyawara, halafu vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya mahali, kwa mfano "majani makavu chini ya miti mikubwa", tarehe, njia iliyotumika, na jina la mkusanyaji. Jina la kijiji peke yake halitoshi. Vijiji hubadilishwa majina na wilaya zetu zimegawanywa mara nyingi.

Nahitaji kibali gani?

Kumpiga picha buibui aliye bustanini mwako hakuhitaji kibali. Kukusanya kwa ajili ya utafiti ni habari nyingine.

Utafiti nchini Uganda husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Ukiingia hifadhi ya taifa unahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Ukiingia msitu wa hifadhi ulio chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, unahitaji ruhusa yao. Zipo pia kanuni za mwaka 2005 zinazohusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida zake, na Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa unaohusu jambo hilo hilo. Kwa hiyo kutoa vielelezo nje ya nchi bila karatasi ni kosa, hata kama ni buibui wawili ndani ya chupa ya dawa.

Anza karatasi mapema. Majarida mengi ya sayansi leo huuliza namba ya kibali kabla ya kupokea makala, na kazi ya miaka inaweza kukwama hapo.

Kwa nini lazima auawe? Picha haitoshi?

Nalichukulia swali hili kwa uzito, kwa sababu wanaoliuliza huwa wanawapenda viumbe hawa.

Picha haionyeshi sindano ya pedipalpi yenye urefu wa sehemu ndogo ya milimita. Haionyeshi mifuko ya ndani ya jike. Baada ya miaka 50 mtu mwingine atakuja na buibui wake na shaka yake, naye atahitaji kukitazama kielelezo chenyewe, akigeuze, pengine atazame kitu ambacho sisi hatukujua kwamba ni muhimu. Picha haigeuziki.

Lakini sikubaliani na wanaoacha mitego ardhini miezi bila kuikagua. Kila kikombe huua mende, tandu, siafu na wakati mwingine mjusi mdogo. Weka mitego unayoweza kuitembelea, funika vikombe unapoondoka, na wadudu wengine walionaswa wahifadhi kwa ajili ya watafiti wao. Atakayekuja kutafuta mende wa mahali pale atakushukuru.

Maelezo rasmi ya spishi mpya yana nini ndani yake?

Yanaongozwa na Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ambayo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Makala lazima iseme wazi kwamba jina ni jipya. Lazima itaje kielelezo kimoja kinachobeba jina hilo, kinachoitwa holotaipu, na ieleze kitahifadhiwa katika mkusanyo gani. Vielelezo vingine vilivyotumika huitwa parataipu. Ikichapishwa kwa njia ya kielektroniki tu, lazima iwe imesajiliwa ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama mtandaoni. Utaratibu huo uliruhusiwa mwaka 2012.

Sehemu ninayoipa muda mwingi kuliko zote ni utofautishaji. Hiyo ni aya moja, mara nyingi fupi, inayosema spishi hii inafanana na ipi na inatengana nayo kwa alama zipi. "Inafanana na spishi fulani kwa umbo la mwiba wa pedipalpi, lakini emboli yake ni fupi na imeanzia upande wa ndani." Ili kuiandika aya hiyo kwa haki, unapaswa uwe umesoma maelezo ya spishi zote za jenasi hiyo barani Afrika, pamoja na yale yaliyoandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kilatini zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ikiwezekana uwe umeazima vielelezo vyenyewe.

Baada ya hapo huja vipimo vya mwili na kila pingili ya miguu kwa milimita, rangi, miiba ya miguu, michoro na picha za viungo vya uzazi, ramani na mazingira. Kwa desturi pedipalpi inayochorwa ni ya kushoto, ili michoro ya watu mbalimbali ilinganishwe bila kugeuza kichwani. Michoro ya mkono bado ina nafasi yake, na mimi naitetea: mchoraji hulazimika kuamua kila mstari unaanzia wapi na kuishia wapi, na katika kuamua huko ndipo huona.

Siku hizi si kuna DNA? Kwa nini msipime tu?

Tunapima inapowezekana. Kipande kinachotumika sana ni cha jeni ya COI, chenye herufi 658. Kinasaidia hasa kuoanisha dume na jike, jambo gumu mno kwa buibui wa ardhini, na hata kuwatambua watoto.

Ila herufi hizo zinahitaji kulinganishwa na kitu. Spishi nyingi za Gnaphosidae wa Afrika hazijawahi kupimwa vinasaba, na zile zilizoelezwa zamani zimebeba majina kwenye vielelezo vya zaidi ya miaka mia ambavyo vinasaba vyake vimeharibika. Ukipata mfuatano usiofanana na wowote kwenye hifadhidata, unaweza kuwa na spishi mpya. Unaweza vilevile kuwa na spishi iliyopewa jina mwaka 1910 ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Hadubini ndiyo itakayokuambia.

Jina huchaguliwaje? Naweza kuipa spishi jina la mama yangu?

Unaweza. Jina lina maneno mawili: la jenasi, na la spishi. Likimheshimu mwanamke mmoja kwa kawaida huishia na -ae, mwanamume -i, na mahali mara nyingi -ensis, kwa hiyo utakutana na wanyama wengi walioitwa ugandensis. Neno la Kiswahili, Kikaramojong au Kiganda linaruhusiwa pia, maadamu limeandikwa kwa herufi za Kilatini. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi na kanuni, ila ni aibu mbele ya wenzako.

Jambo moja la historia, kwa wanaopenda: majina ya wanyama wote huanza kuhesabiwa na kazi ya Linnaeus, mwasisi wa mfumo huu wa majina mawili, ya mwaka 1758, isipokuwa ya buibui. Msweden Carl Clerck alichapisha kitabu chake cha buibui mwaka 1757, na majina yake yamekubaliwa kuwa halali.

Mimi napendelea jina la mahali au la mtu wa mahali hapo. Askari aliyekuonyesha njia na kukesha nawe kwa tochi anastahili zaidi ya mstari wa shukrani mwishoni mwa makala.

Holotaipu ikae wapi?

Hapa nina msimamo, na sioni haya kuusema. Spishi ikielezwa kutoka Uganda, angalau baadhi ya vielelezo vya taipu (holotaipu na parataipu) vibaki Afrika Mashariki, na holotaipu yenyewe ibaki kila panapokuwa na mkusanyo unaotunzwa. Makerere ina makumbusho ya zoolojia. Nairobi kuna Makumbusho ya Taifa ya Kenya yenye idara ya viumbe wasio na uti wa mgongo.

Wanaopinga husema alkoholi hukauka na umeme hukatika. Ni kweli alkoholi hukauka, na chupa zilizokauka nimeziona. Dawa yake ni mtu mwenye mshahara wa kupita kabati kwa kabati akiongeza alkoholi na kubadilisha mpira wa vifuniko. Hiyo si teknolojia ya ng'ambo. Ni ajira moja au mbili, na vyuo vyetu vinaweza kuzipangia bajeti vikitaka.

Huchukua muda gani na fedha kiasi gani?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa wastani kielelezo hukaa miaka 21 tangu kukusanywa hadi kuelezwa kama spishi mpya. Hii ni kwa viumbe vya kila aina, si buibui peke yao. Ukiwa na dume na jike waliokomaa, machapisho yote na hadubini nzuri, maelezo ya spishi moja yanaweza kukamilika ndani ya miezi. Kinachochelewesha ni kulinganisha.

Kwa upande wa fedha, habari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Katalogi ya Dunia ya Buibui hutumika bure, na ukijisajili, bure pia, unapata karibu machapisho yote ya uainishaji wa buibui tangu Clerck. Jarida la European Journal of Taxonomy halimtozi mwandishi wala msomaji. Kinachobaki ghali ni hadubini yenyewe, na hapo ndipo vyuo vinapaswa kushirikiana.

Ikigundulika baadaye kwamba spishi hiyo ilikuwa na jina tayari?

Jina la zamani hushinda, lako huwa kisawe. Hutokea mara kwa mara, hasa pale dume lilipoelezwa na mtu mmoja na jike na mwingine kana kwamba ni spishi mbili. Hakuna anayefungwa kwa hilo. Ndiyo maana wahariri wazuri hukuuliza kwanza: umeona holotaipu za ndugu zake wa karibu?

Sina hadubini wala digrii. Naweza kusaidia?

Sana. Piga picha za buibui unaowakuta, ukiweka mahali na tarehe, uzipakie iNaturalist, tovuti ya kushirikiana picha za viumbe. Piga kutoka juu, kutoka mbele kwa ajili ya macho, na ukiweza kutoka chini ukimweka kwenye glasi safi. Gnaphosidae wengi hawatatambuliwa hadi spishi kwa picha, lakini picha huonyesha wako wapi na hutokea miezi gani, na mtafiti aliye na vibali ataona pa kwenda.

Kama wewe ni mwalimu wa sekondari, wafundishe wanafunzi kutofautisha dume lililokomaa na jike kwa lenzi ya mkononi. Somo hilo halihitaji umeme. Kama ni mkulima, usichome majani makavu yote ya shambani. Acha fungu chini ya migomba na kwenye mipaka. Na ukimkuta jike amekaa juu ya kifuko cha mayai chini ya jiwe, mpige picha haraka, kisha lirudishe jiwe taratibu, maana ukilitupa tu mayai hukauka.